Uandishi wa safari: Nafasi zilizopo kwa vijana wa Eastlands

VIJANA wengi wenye kipaji cha kuandika katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi huamini kwamba masimulizi ya safari ni kazi ya watu wenye pasipoti iliyojaa mihuri na mkoba uliojaa dola. Imani hiyo imewanyima wengi nafasi ambazo zimekuwa mlangoni mwao kwa zaidi ya miaka 20.

Mfano ulio karibu ni wa marehemu Binyavanga Wainaina. Mnamo 2001 mwandishi huyo, mzaliwa wa Nakuru, alichapisha katika jarida la intaneti simulizi aliyoiita Discovering Home, kuhusu safari yake ya kurejea kutoka Cape Town, akapitia Nairobi, hadi kwenye mkutano wa jamaa za mamake nchini Uganda. Mwaka uliofuata simulizi hiyo ilimpatia Tuzo ya Caine, akawa Mkenya wa kwanza kuishinda. Mnamo 2003 jarida la Kwani? likazaliwa Nairobi, yeye akiwa mhariri mwanzilishi. Hakupanda Himalaya wala kuvuka Sahara. Alirudi kwao, akatazama vizuri.

Wala fani hii si ya Wazungu pekee. Selim bin Abakari alizuru Urusi na Siberia mnamo 1896 pamoja na mwajiri wake Mjerumani, akasimulia kwa Kiswahili aliyoyaona. Masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa 1901. Martin Kayamba naye aliandika kuhusu ziara yake ya Uingereza ya 1931. Vitabu vikongwe vya aina hii, ambavyo muda wa hakimiliki umekwisha, huwekwa bila malipo katika maktaba za mtandaoni kama vile Internet Archive, na anayetaka kujifunza fani hii afadhali aanzie huko kabla ya kununua kozi yoyote.

Je, mkazi wa Kayole au Umoja ataandika nini? Ataandika majina, kwanza. Kariokor ni matamshi ya Kiafrika ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, na ndugu yake ni Kariakoo ya Dar es Salaam. Soko la Burma, Shauri Moyo, linakumbusha askari waliopelekwa Asia katika vita vya pili. Ofafa ni diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953 wakati wa hali ya hatari. Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka mmoja kabla yake. Maelfu ya watu hushuka katika vituo hivyo kila asubuhi bila kujua wanatamka majina ya marehemu. Abiria wa matatu nambari 58 ya Buruburu ana kurasa kadha za kuandika kabla hajafika katikati ya jiji, mradi asinzie kidogo tu.

Ni muhimu kazi hii ifanywe na wenyeji. Mgeni anayeletwa Eastlands kwa saa mbili huonyeshwa matope na watoto wanaotabasamu, akaenda zake kuandika matope na watoto wanaotabasamu. Binyavanga mwenyewe aliikejeli tabia hiyo katika insha yake How to Write About Africa, iliyotokea katika jarida la Granta la Uingereza mnamo 2005. Anayetaka kuandika safari aisome mapema, kisha aikague kazi yake mwenyewe, kwani mwenyeji pia huweza kuandika kama mtalii.

Kuhusu mahali pa kujifunzia, maktaba zipo Kaloleni, Makadara na Buruburu. Mtandaoni kuna Wikivoyage, kitabu cha mwongozo cha wasafiri ambacho yeyote anaweza kukihariri na ambacho kimekuwa chini ya shirika la Wikimedia tangu 2013. Hakilipi hata senti, lakini humfunza mtu kueleza njia na mahali bila kupamba. Lolwe, jarida la mtandaoni lililoanzishwa na Mkenya Troy Onyango mnamo 2020, huchapisha insha za kweli pamoja na hadithi. Kampuni ya Bradt ya Uingereza nayo imekuwa ikiendesha shindano la waandishi wapya wa safari. Kwa waandishi wa Kiswahili, tuzo iliyoanza 2014 kwa jina Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imewahi kupokea miswada ya kumbukumbu za maisha, na safari hupata nafasi humo.

Sasa tuzungumzie pesa. Wahariri wengi hawataki makala kamili mwanzoni. Wanataka pendekezo la aya mbili linaloeleza kisa ni kipi, kwa nini kichapishwe sasa na kwa nini wewe ndiwe wa kukiandika. Kabla ya kukubali, uliza malipo ni kiasi gani, hulipwa lini, na kama unauza haki ya kuchapisha mara moja au haki zote. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama utaweza kuitumia makala yako tena kitabuni. Atakayekudai ada ili akuchapishe, mpungie mkono. Hoteli ikikulaza bure, mwambie msomaji. Malipo ya kutoka ng'ambo hayahitaji tena akaunti ya benki huko, kwani tangu 2018 fedha za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa.

Tuseme ukweli, wachache sana huishi kwa kazi hii pekee. Wengi hufundisha, hupiga picha za arusi au huuza mitumba Gikomba, na kuandika usiku.

Hata hivyo, gharama ya safari yenyewe imepungua kwa njia moja ambayo vijana wengi hawaitumii. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha kitaifa, bila pasipoti. Mwenye nauli ya basi, daftari na jamaa wa kumlaza Kampala ameshapata sura ya kwanza.