Daraja Huvukwa: Kiswahili Ndani ya Somo la Kiingereza

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia na daftari la mwanawe. Mtoto alikuwa ameandika *My mother he is cooking*, na mwalimu ametia alama nyekundu bila ya neno jingine. Mama akatuuliza, kwa sauti ya chini, kama mwanawe ni mzito wa kufahamu.

Tulimwambia: Si mzito, dada yetu, ni Mswahili. Katika lugha yetu baba ni "yeye" na mama ni "yeye", na wote wawili "anapika". Lau mwalimu angalilieleza hilo kwa Kiswahili kwa dakika moja, kisha akarudi kwenye Kiingereza chake, kosa lingaliondoka na mtoto asingalitahayari.

Wako walimu wanaoichelea dakika hiyo, wakidhani kila neno la Kiswahili ni wizi wa somo. Sisi tulikulia chini ya dhana hiyo. Shuleni tulivishwa kibao shingoni kwa kunena lugha ya nyumbani. Kibao kilipokezanwa mchana kutwa, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku alichapwa. Kibao kile hakikutufunza Kiingereza, kilitufunza kunyamaza. Naye aliyenyamaza alihesabiwa mjinga, na wako waliotoka shule na jina hilo.

Alasiri ya siku hiyo hiyo tulikwenda chuoni, na huko mambo yalikuwa mengine. Mwalimu alitusomesha *Safina*, kitabu cha fiqhi cha Kiarabu. Aliisoma ibara kwa Kiarabu, akaifasiri kwa Kiswahili, kisha akairudia kwa Kiarabu, nasi tukamfuata. Hakuna aliyesema kuwa amekisaliti Kiarabu. Siri ilikuwa katika kule kurudi: Kiswahili kilikuwa daraja, na daraja huvukwa, halijengewi nyumba.

Kwa hiyo pana tahadhari. Mwalimu anayefasiri kila sentensi humzoeza mtoto kungoja Kiswahili na kutosikiliza Kiingereza. Tena si kila mtoto wa pwani hii amelelewa kwa Kiswahili. Darasa moja la Tana River laweza kuwa na Mpokomo, Muorma na Msomali. La Kilifi likawa na Mgiriama na Mbajuni. Mwalimu akihamia Kiswahili peke yake, huenda yuko aliyeachwa pale pale. Busara ni kuwapa watoto wa lugha moja nafasi ya kuelezana, kisha wajibu kwa Kiingereza.

Sera ya nchi yenyewe inaijua haja hii. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo katika miaka 3 ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike nafasi kuanzia mwaka wa 4. Lakini mtoto hageuki kwa usiku mmoja. Aliyelala akisoma kwa lugha yake hawezi kuamka asubuhi akifahamu hesabu na sayansi kwa Kiingereza kitupu.

Nanyi akina mama mna sehemu yenu. Msiizime lugha ya nyumbani kwa kutaraji Kiingereza kiwake haraka. Mtoto akija na neno *rice*, muulizeni: ni mpunga, ni mchele au ni wali? Akija na *uncle*, muulizeni: ni ami au ni mjomba? Kiingereza huwaita wote kwa jina moja, ilhali katika mirathi yetu ami ni katika asaba na mjomba si miongoni mwao. Anayezijua tofauti hizi kwa lugha yake ana kitu cha kukitafutia maneno katika lugha ya pili.

Yule mama tulimwambia aketi na mwanawe, waandike sentensi 5 za baba na 5 za mama, huku wakizungumza kwa Kiswahili. Juma la pili alirudi na daftari. Lilibaki kosa moja tu, na mtoto alikuwa amekwisha kulipigia mstari mwenyewe.