Tusikilize Kabla ya Kufariji

Tunapoingia katika nyumba yenye msiba, mara nyingi neno la kwanza linalotutoka kinywani ni hili: “Usilie, kazi ya Mungu haina makosa.” Twalitamka kwa nia njema, nasi mapadre tumo. Lakini mama aliyemzika mwanawe huweza kusikia jambo jingine kabisa: kwamba machozi yake ni dalili ya imani haba. Basi hujikaza na kunyamaza, nasi twaondoka tukidhani amefarijika.

Kitabu cha Ayubu chatuonya juu ya hatari hiyo. Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vema: waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa maana waliona jinsi maumivu yake yalivyo makubwa (Ayu 2:13). Walikosea walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake. Walidhani wanamtetea Mungu, kumbe mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia, akisema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (Ayu 42:7).

Bwana wetu alitenda tofauti. Katika njia ya kwenda Emau alijua yote yaliyowasibu wanafunzi wale wawili. Hata hivyo aliwauliza kwanza, akawaacha wamimine huzuni yao. Ndipo alipowafafanulia Maandiko (Lk 24:13-27). Mafundisho yalitanguliwa na kusikiliza.

Nasi tufuate utaratibu huo. Kwanza, tuketi karibu na kunyamaza. Pili, tuulize swali lisilo na hukumu: “Mama, leo umeamkaje moyoni?” Tatu, tumrudishie kwa upole yale tuliyoyasikia, ili ajue ameeleweka. Nne, tumwulize anahitaji nini: pengine ni sala, pengine ni mtu wa kumchotea maji. Akimlalamikia Mungu, tusishtuke. Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo.

Huruma hii yatuhusu pia sisi wenyewe, kwani tumeamriwa kumpenda jirani kama nafsi zetu (Mk 12:31). Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu wa Geneva, katika kitabu chake cha mwaka 1609 kuhusu maisha ya ibada, afundisha kwamba tunapoanguka tuuonye moyo wetu kwa upole, wala si kwa ghadhabu. Maana kujikasirikia kupita kiasi hutokana na kiburi kinachochukizwa kuona udhaifu wetu. Upole huo hauifumbii macho dhambi, bali hutuwezesha kuinuka na kuiendea Sakramenti ya Upatanisho. Na mfiwa anayejilaumu usiku kucha, “Laiti ningemwahisha hospitali!”, ahitaji mtu wa kumsikiliza hadi mwisho, ili ajifunze kuusemesha moyo wake kwa upole huohuo.

Huenda sasa twakumbuka maneno tuliyowahi kumwambia mfiwa, na dhamiri yatusuta. Tusikate tamaa. Matanga yakishaanuliwa na watu wakitawanyika, ndipo nyumba ile huwa kimya zaidi. Turudi tukabishe hodi. Tuombe radhi ikiwa tulimjeruhi, kisha tuketi tumsikilize. Mungu wa faraja yote atujalie masikio yenye huruma. Amina.