Tukuyu, Mji wa Mvua na Migomba

Msafiri wa pwani, aliyezoea mchanga, minazi na jua la utosi, akitoka Mbeya na kukata kusini kwenye njia panda ya Uyole, haichukui saa moja kabla hajahisi kwamba ameingia katika nchi nyingine kabisa. Barabara ya lami, ambayo hatima yake ni Kasumulu mpakani mwa Malawi, hupanda kwanza hadi Isongole, mahali penye baridi na mashamba ya viazi mviringo, kisha huteremka ikipinda huku na huku katikati ya migomba iliyosongamana, hata mgeni asiweze kutambua shamba la huyu limekoma wapi na la yule limeanzia wapi. Baada ya masafa ya kilometa 70 hivi tokea Mbeya ndipo mabati ya Tukuyu yanapojitokeza juu ya vilima, aghalabu yakiwa yamelowa.

Nasema aghalabu, na pengine ningesema daima, kwa kuwa mvua ndiyo mwenyeji halisi wa mji huu. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, karibu mara mbili ya ile inayopatikana Dar es Salaam, na mji wenyewe umekaa juu ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo mawingu hayana haja ya kushuka mbali. Wageni wengi huilalamikia mvua hii, nao hawakutafakari: kila kitu wanachokuja kukitazama katika wilaya hii ya Rungwe, kuanzia msitu hadi maporomoko, na kila wanachokula wakifika, ni ihsani ya mvua hiyohiyo iliyowarowanisha.

Si mji mkubwa, wala haujidai ukubwa. Wajerumani, waliokuwa na boma lao la mwanzo kando ya Ziwa Nyasa wakaliita Langenburg, walipohamia huku juu wakapaita Neu Langenburg. Jina hilo halikudumu, kwani mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia yakitokea kusini, na dola mpya ikaja na jina tunalolijua leo. Lakini kabla ya boma palikuwa na misheni. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa Moravian na wa Kilutheri wa Berlin, na misheni ya Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo, ingali maskani ya ibada na elimu. Kyimbila, nje kidogo ya mji, ilipandwa chai mwaka 1904, miaka miwili tu baada ya ile ya Amani kule Usambara, na anayepita leo karibu na Katumba huyaona mashamba yaliyokatwa sawasawa, na wachumaji wamevaa mapande ya nailoni kiunoni ili umande usiwapenye.

Mandhari yote ya wilaya ni kazi ya moto uliozimika. Mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia meta 2,960, ni volkano. Ngosi ni volkano iliyobomoka kileleni ikaacha shimo kubwa. Na Kyejo ulitapika mara ya mwisho zaidi ya miaka 200 iliyopita. Katika shimo la Ngosi limetulia ziwa lenye urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, nalo huhesabiwa miongoni mwa maziwa makubwa ya aina yake barani Afrika. Njia ya kulifikia hupita msituni, kwenye mianzi na migomba ya mwitu, juu ya udongo mweusi unaonata viatuni. Na kipande cha mwisho ni mwinuko mkali ambao mtu huupanda kwa kushika mizizi kwa mikono miwili. Ukifika ukingoni, ziwa halipo. Pana ukungu mtupu, na viongozi wa njia, waliozoea mambo hayo, hukaa kitako wakatafuna ndizi. Halafu upepo hupita, pazia likafunguka, na chini kabisa, baina ya kuta za msitu zisizo na ufuo, huonekana maji ya kijani yasiyo na mtumbwi wala mtu.

Mto Kiwira nao una shani zake. Pahala pamoja umetoboa mwamba wa volkano ukapita chini yake, na mwamba uliobaki juu watu huuita Daraja la Mungu. Pahala pengine, katika eneo la chuo cha magereza, maji huporomokea ndani ya shimo la mviringo liitwalo Kijungu. Maporomoko ya Kaporogwe nayo yana pango kwa nyuma, na mwenye moyo huweza kusimama humo akaitazama nchi kupitia pazia la maji.

Masoko nimeipenda kwa sababu nyingine. Ni ziwa dogo la mviringo, na juu yake pana jengo la mawe la Wajerumani, walimowaweka askari wao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ambalo baadaye likawa mahakama ya mwanzo. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walizitupa fedha na silaha zao majini, na kweli sarafu za zama hizo zimepata kuokotwa humo. Hekaya ya hazina kamili mimi naipokea kwa tahadhari, maana jeshi linalokimbia halina kawaida ya kuacha mali nyingi.

Kwenye msitu wa Rungwe anaishi kipunji, kima ambaye wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa, wenyeji wa wilaya hii, walikuwa wakimtaja tangu zamani.

Wanyakyusa wenyewe ni watu wa jamaa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyekaa nao pamoja na mumewe miaka ya 1930, aliandika katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951, jinsi vijana wa rika moja walivyojitenga na wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakila na kuzungumza pamoja mpaka uzeeni. Vijiji hivyo vimekwisha, ila adabu yake haijakwisha: hukai nyumbani kwa mtu hujaletewa sahani ya mbalaga, ndizi zilizopikwa laini, na ukijizuia utaulizwa umekosewa nini. Ghera ya watu hawa pia si haba. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji huu mdogo, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na Simba na Yanga zikabaki kutazama.

Dosari zipo. Nyumba za wageni ni za kadiri, vibao vya kuelekeza njia ni adimu, na kwenye barabara za vijijini gari hukwama masika. Kwa hiyo anayetaka kutembea kwa wepesi na aende kati ya Juni na Oktoba, achukue sweta nzito, na kwa Ngosi asiende pasipo kiongozi mwenyeji. Wengi hupita Tukuyu mbio wakiwahi mpakani, nao wanafanya makosa: siku mbili hapa, hata zikiwa za mvua, zina faida kuliko wiki nzima ya kupita tu.