Isikilize Land Rover Yako Kabla Haijakuacha Njiani

Bwana mkulima wa Siongiroi, ng'ombe wako akikohoa usiku wajua ni yupi hata kabla hujawasha taa. Lakini motokaa ipelekayo maziwa asubuhi ikipiga "ko!" kila unapoachia klachi, wasema, "Huo ni uzee tu." Si uzee. Kuna kitu kinacholika, na kikikatika penye matope, maziwa uliyokamua alfajiri yatakaa mitungini mpaka jua liwe kali. Mitungi kumi ya lita 50 ni zaidi ya nusu tani ya maziwa, na kiwanda hakitayapokea yakiwa yamechacha. Tena hayo si mursik.

Tutazame basi jinsi nguvu inavyosafiri. Injini hugeuza giaboksi, na giaboksi hugeuza transfa. Kutoka transfa hutoka propela mbili, moja yaenda kwa difu ya nyuma, nyingine kwa difu ya mbele. Kila mwisho wa propela pana krosi, nayo ni chuma chenye mikono minne. Kila mkono umevikwa kikombe kidogo chenye beringi nyembamba kama sindano. Kazi ya krosi ni kuiacha propela ijikunje springi zinapopanda na kushuka. Propela yenyewe ina mahali pa kuingiana, panapoitwa splaini, ili iweze kurefuka na kufupika. Grisi ikiisha, maji yakaingia, sindano hizo hupata kutu na kulika, na kikombe huanza kucheza.

Usiulize kwanza kelele yatoka wapi. Uliza yatoka lini.

Ikiwa ni "ko!" moja unapoondoka, au unaporudi nyuma, au unapoinua mguu kwenye petroli, basi shuka uitazame propela. Mimi huanza na spana. Kila mwisho wa propela una bolti nne, na bolti iliyolegea hupiga kelele ile ile ya krosi mbovu, nayo dawa yake haina gharama. Kaza pia bolti zinazoshika springi kwenye ekseli. Wengi wameuziwa difu nzima, kumbe mgonjwa alikuwa nati.

Ikiwa ni "chwi, chwi, chwi" gari likienda pole, na mlio waharakisha gari likiharakisha, krosi imekauka. Tazama kando ya vikombe. Ukiona unga wa kutu, mwekundu kama unga wa wimbi, usitafute zaidi. Grisi yaweza kuinyamazisha siku mbili tatu, lakini sindano zilizokwisha kulika hazirudi kuwa nzima.

Ikiwa gari latetemeka ukishika lami na kuongeza mwendo, fanya jaribio hili mahali tambarare pasipo na magari mengine, wala si mteremkoni kamwe: toa gia, uache gari litiririke lenyewe. Tetemeko likikoma, tatizo ni la injini au giaboksi. Likiendelea, ni la propela au magurudumu. Kabla ya kumwita fundi, osha chini ya gari. Udongo wetu ukikauka upande mmoja wa propela watosha kuitikisa gari nzima.

Difu ina sauti yake nyingine. Hulia mfululizo gari linapovuta mzigo, na mlio hubadilika mara unapoinua mguu. Fungua kizibo cha kujazia mafuta: yapasa mafuta yafike ukingoni mwa tundu. Yakiwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji ya mtoni yameingia, nayo yamwagwe leo. Tope laini la kijivu kwenye mafuta ya zamani si ajabu, lakini vipande vya chuma ni hatari. Ngurumo inayobadilika unapokata kona mara nyingi ni beringi ya gurudumu, na hiyo ni habari nyingine.

Land Rover nyingi za zamani, zile za Series, zina loki kwenye magurudumu ya mbele. Loki zikifunguliwa, nawe ukiendesha kwa magurudumu ya nyuma peke yake, propela ya mbele husimama. Kelele ikinyamaza hapo, imo mbele. Nyingi za aina ya One Ten, zilizoanza kutoka mwaka 1983, pamoja na Defender zilizofuata, huendeshwa na magurudumu yote manne wakati wote, kwa hiyo jaribio hili halizifai.

Sasa waingia chini ya gari, na hapa nakuomba usome pole pole.

Hendibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika mtaimbo unaotoka transfa kwenda propela ya nyuma. Ilikuwa hivyo tangu za mwanzo, mwaka 1948, hata Defender ya mwisho iliyotoka kiwandani Januari 2016. Maana yake ni nini? Ukifungua propela ya nyuma, na gari haiko katika magurudumu manne, hendibreki haishiki kitu. Hata gia uliyoiacha ndani haishiki kitu. Bolti ya mwisho ikitoka, gari li huru, nawe uko chini yake. Tena ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lile lililoinuliwa kugeuka na lenzake kubiringika. Hendibreki imevutwa, na gari linaondoka. Kwa hiyo tafuta mahali tambarare. Weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, si kijiwe cha kuegeshea mlango. Usimwache kijana akae ndani akichezea gia.

Mawe yakiwa tayari, toa gia na uachie hendibreki. Shika propela kwa mikono miwili uipindue huku na huku. Itacheza kidogo, maana meno ya difu ya zamani yameachana. Usiitazame propela, itazame krosi. Upande mmoja ukigeuka na upande wa pili ukabaki umesimama, hata kwa unene wa ukucha, krosi hiyo imekwisha. Kisha isukume juu na chini karibu na difu. Ikiinuka pamoja na chuma kilichofungwa kwenye difu, basi beringi ya ndani ya difu imelegea, na hapo ndipo fundi anastahili kulipwa.

Kabla hujaitenganisha propela penye splaini, tia alama kwa patasi pande zote mbili. Krosi za miisho miwili lazima zielekeane kama zilivyotoka. Zikirudishwa upande upande, hata krosi mpya zitatetemeka, nawe utamlaumu mwenye duka.

Grisi katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei, kila wiki mbili si nyingi. Na ukivuka mto maji yakafika kwenye propela, usingoje hata hizo. Piga mpaka grisi mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, hicho chakaa na njaa. Kwenye splaini usizidishe, maana grisi ikijaa huizuia propela kufupika. Na ukitoka matopeni ukapanda lami na gari ya Series, rudisha magurudumu mawili. Magurudumu manne juu ya lami kavu huzikaza propela zikapigana zenyewe kwa zenyewe.

Je, krosi ya nyuma ikikatika nawe una maziwa? Usiiburute propela, maana ikipigapiga yaweza kukata bomba la breki. Weka mawe, ifungue miisho yote miwili. Ikiwa gari ni Series, funga loki za mbele, tia magurudumu manne, uende pole kwa magurudumu ya mbele mpaka kiwandani. Propela uliyoitoa itie ndani ya gari, usiitupe kichakani. Fundi ataihitaji kwa kipimo cha krosi.