Taarifa Isiyoandikwa

Septemba 1, 2024, huko Endebess karibu na Kitale, Kenya, mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Alifariki siku nne baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Familia ilisema polisi walikuwa wamepelekewa malalamiko kumhusu mtu huyo zaidi ya mara moja. Naye mshukiwa akafa kwa majeraha ya moto huohuo.

Mshukiwa akifa, kesi ya jinai huishia hapo. Pasipo kesi, ni vigumu afisa kuulizwa mbele ya hakimu alipokea taarifa lini na akaifanyia nini.

Sheria ipo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haiwapi wazee wala polisi mamlaka ya kuifuta kesi. Mei 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi wanaopuuza kuchunguza unajisi wanavunja Katiba. Sheria ya 2015 ikaongeza kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 62 ya wanawake wa kaunti ya Bungoma wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Wastani wa nchi ni 34.

Kinachovuja ni kaunta ya kituo. Mama anafika uso umevimba. Taarifa ikiandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, anapewa nambari. Nambari hiyo inamfungulia fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha, mpelelezi, kisha mahakama. Akiambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, akayamalize kwa mzee wa mtaa, anaondoka bila kuacha alama. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, haina ukurasa wa kukagua. Aliyempiga naye amejua kwamba kituo hakimfuati.

Kampeni zimejaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 2013, katika kaunti jirani ya Busia, washukiwa wa kumbaka msichana wa miaka 16 waliamriwa kufyeka nyasi kituoni, wakaachiliwa. Watu zaidi ya milioni moja walitia sahihi kudai haki. Mwaka 2015 wanaume watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Ushindi huo unatisha pia: wajibu wa kila siku ulihitaji sahihi milioni ili utekelezwe mara moja. Wanawake wengi wa Bungoma hawatapata hata sahihi kumi.

Kwa hiyo madai hayana budi kurudi kaunta, kabla ya mazishi: kituo gani, tarehe gani, afisa gani, nambari gani. Mahali ambapo maswali hayo hayaulizwi, mwanamke anaweza kulalamika mara tatu, na kitabu cha kwanza kuandika jina lake kikawa cha mochari.