Kifaa Kibovu na Kibandiko Chake

Aghalabu mtu asiye na ujuzi wa urubani hudhani kuwa ndege yenye kifaa kibovu haipaswi kabisa kupaa. Sheria ya Marekani, nchi yenye ndege nyingi mno za watu binafsi, haisemi hivyo. Makala haya yanadhamiria kueleza inasema nini, kwani ndani yake mna suala la lugha pia.

Kwa mujibu wa kifungu cha 91.213 cha kanuni za urukaji za nchi hiyo, rubani wa ndege ndogo anaweza kuruka ilhali kifaa fulani hakifanyi kazi. Lakini sharti kwanza ajiridhishe kuwa kifaa hicho si miongoni mwa vile vinavyolazimishwa na sheria au na waundaji wa ndege yenyewe. Kipimakasi, kipimamwinuko, dira, na kipimo cha mafuta cha kila tangi ni vya lazima hata mchana mweupe. Hapo ndipo mtu hujikwaa. Rubani aliyechovya kijiti tangini akaona mafuta tele huweza kudhani kwamba kipimo kibovu si neno. Kijiti hueleza kilichokuwamo ndege ikiwa chini. Hakielezi kinachovuja angani.

Kifaa kisicho cha lazima hung'olewa au huzimwa, kisha hubandikwa tangazo mbele ya rubani. Kwa nini maandishi, ilhali rubani anajua? Kwa sababu mshale uliokwama huendelea kuonyesha tarakimu, na jicho lililochoka huiamini. Isitoshe, kesho huenda akaketi hapo rubani mwingine. Katika kutafsiri tangazo hilo, ningependelea 'hakifanyi kazi' kuliko 'kibovu'. Kibovu chaweza kuwa kinachofanya kazi kwa kusuasua, na msomaji akashawishika kukiamini nusunusu.

Hata baada ya kubandika, rubani au fundi mwenye cheti hana budi kuamua kuwa hitilafu hiyo haihatarishi ndege. Yamkini uamuzi huu ndio mgumu kuliko yote, maana huenda ukafanywa jioni, wingu likitanda, na rubani ana hamu ya kufika nyumbani. Ikiwa kilichoharibika ni kifaa cha lazima, yaweza kuombwa ruhusa maalumu ya kuipeleka ndege kwenye matengenezo. Kwa kawaida safari hiyo haibebi abiria.