Fundi, Mkufunzi na Cheti: Nafasi za Mafunzo ya Kazi kutoka Landless hadi Ruiru

Anayetoka mjini Thika kwa barabara ya Garissa huupita mtaa wa Makongeni kabla ya kufika Landless. Jina la mtaa huu ni la Kiingereza na maana yake ni wasio na ardhi. Kwa hivyo hata kabla ya kuuliza lolote, mgeni amekwisha kuambiwa kwamba huku mtu hategemei shamba la baba bali mikono yake. Kando ya barabara pana karakana za kuchomelea malango, maseremala, washonaji, na gereji ambamo vijana waitwao spanaboi hujifunza umakanika kwa kumkabidhi fundi vifaa na kumtazama anavyovitumia. Ilhali nyuma yao, mjini, vipo viwanda vilivyoipatia Thika sifa yake: Del Monte ya mananasi, Bidco ya mafuta, viwanda vya ngozi na nguo, na kile cha Kenya Vehicle Manufacturers ambacho kimekuwa kikiunganisha magari tangu miaka ya 1970.

Mwaka jana jirani yangu, kijana achomeleaye malango hapa mtaani, alinibishia hodi jioni akiwa na karatasi mbili. “Mwalimu,” aliniita, kwa maana huku kila asomaye chuo kikuu ni mwalimu, “hebu nieleze hawa wanataka nini.” Karatasi ya kwanza ilikuwa tangazo la kazi la kiwanda kimoja kilichotaka fundi wa kuchomelea mwenye cheti. Ya pili ilikuwa fomu ya kujisajili kwa majaribio ya ufundi. Kijana huyu ameifanya kazi hiyo kwa miaka saba, na malango yake yamesimama katika nusu ya nyumba za mtaa. Nilijikakamua kumweleza. Kunradhi msomaji, lakini sharti nikiri: mimi ninayeandika tasnifu ya fasihi ya Kiswahili nilijikuta nikitoa maelezo ambayo nusu yake yalikuwa Kiingereza kilichovikwa viambishi vya Kiswahili. Aliitikia kwa adabu. Nilitambua kwamba hakunielewa, nami sikuwa nimeielewa vyema fomu yenyewe.

Makala haya yametokana na jioni hiyo. Nia yangu ni kueleza, kwa lugha tunayodai kuitetea, nafasi za mafunzo ya kazi alizonazo kijana wa Landless katika Kaunti ya Kiambu, na kuonyesha mahali ambapo lugha yenyewe inamfungia mlango.

Nani anamfunza nani?

Jambo la kwanza la kuelewa ni mgawanyo wa kazi baina ya serikali mbili. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya sayansi kimu na vya malezi ya watoto. Vyuo vikubwa vya ufundi, taasisi za elimu ya juu na vyuo vikuu vimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mzazi aendaye katika afisi ya kaunti kuuliza habari za stashahada ataambiwa kwamba amekosea mlango, naye aghalabu hurudi nyumbani akidhani amefukuzwa. Kiambu ni kaunti ya watu 2,417,735 kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, ya pili baada ya Nairobi kwa wingi wa watu. Milango inayokosewa hivyo si michache.

Vyuo hivyo vya vijijini vina historia inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa nchini, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza swali moja zito: baada ya shule, kisha nini? Watoto wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari wala kazi. Jibu lilikuwa kuanzisha vyuo vidogo karibu na nyumbani, ambamo vijana wangejifunza useremala, uashi au ushonaji kwa gharama ndogo. Vikaitwa polytechnic za vijiji. Baadaye vikaitwa polytechnic za vijana, na tangu Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 vinajulikana kama vituo vya mafunzo ya ufundi.

Tazama sasa mkanganyiko uliozuka. Mzazi wa Landless angali anasema “polytechnic” akimaanisha kituo cha kaunti kilicho kijijini, ambako aliyeishia darasa la nane hupokelewa. Serikali nayo hulitumia neno hilohilo, kwa kuliongezea sifa ya kitaifa, kutajia vyuo vikubwa kama kile cha Kabete. Neno moja linaashiria daraja la chini kabisa la ngazi na daraja la juu pia. Sisi tulilitafsiri kuwa “chuo anuwai”, na tafsiri yetu ikaurithi mkanganyiko huo bila kuupunguza. Ninaonelea kwamba hapa wanaisimu tulilala. “Kituo cha ufundi cha kaunti” ni maelezo marefu, naam, lakini hayampotezi mtu.

Juu ya vituo vya kaunti vipo vyuo vya kitaifa, na kwa mkazi wa Landless kilicho karibu zaidi ni chuo cha ufundi cha Thika, ambacho wenyeji hukiita Thika Tech tu. Katika ngazi hii mtu huanzia pale alipo. Mwenye alama ya C ya kutoa katika mtihani wa kidato cha nne huweza kuingia stashahada. Mwenye D huweza kusomea cheti cha ufundi, na mwenye alama ya chini ya hapo huanzia kozi za fundi wa kawaida, kisha akapanda cheti kwa cheti. Hili la kupanda ndilo lisilojulikana. Vijana wengi niliozungumza nao huamini kwamba alama ya kidato cha nne ni hukumu isiyokatiwa rufaa, na kwamba bila C ya kujumlisha, ambayo ndiyo hudaiwa kwa shahada, hakuna kitakachowafaa. Maombi ya vyuo hivi vya umma hupitia asasi ileile ya KUCCPS inayowapanga wanafunzi wa vyuo vikuu. Lakini mtaani jina hilo hutajwa pindi tu watoto waliofaulu vizuri wanapozungumziwa.

Kuhusu vyuo vikuu sitasema mengi, kwani wasomaji wa jarida hili wanavijua. Ila nataka tukumbuke jinsi baadhi yao vilivyoanza. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, kati ya Thika na Ruiru, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwezi Mei mwaka 1981 kikiwa chuo cha kati cha kilimo na teknolojia, kwa msaada wa serikali ya Japani. Kilitoa stashahada. Mwaka 1988 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 1994 kikawa chuo kikuu kamili. Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2011, kilichipuka kutokana na taasisi ndogo ya mafunzo ya teknolojia papo hapo mjini Thika. Huko Nairobi na Mombasa, polytechnic mbili kongwe zilifanywa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007 na vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Sipingi kukua kwa taasisi. Hata hivyo, kila chuo cha kati kilipopanda, fundi sanifu alibanduliwa kutoka katikati ya fikra za nchi, na familia zikafunzwa kwamba chuo kisicho kikuu ni chuo cha walioshindwa.

Aliyekwisha kuwa fundi

Jirani yangu hakuwa akitafuta shule. Ufundi alikuwa nao. Alichokosa ni ushahidi. Kwa watu kama yeye kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, iliyochukua nafasi ya idara ya zamani ya mafunzo ya viwandani baada ya sheria kurekebishwa mwaka 2011. Mamlaka hii husimamia majaribio ya ufundi ya daraja tatu: Gredi ya Tatu, ambayo ni ya chini, ya Pili, na ya Kwanza. Mtahiniwa haulizwi alisomea wapi. Hupewa kazi, akaifanya mbele ya mtahini. Ndiyo maana fundi wa jua kali asiyewahi kuingia darasa la ufundi huweza kutoka na cheti kinachotambuliwa na mwajiri.

Lipo pia jambo ambalo wafanyakazi wengi wa viwandani hawaelezwi. Sheria humtaka mwajiri alipe ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi. Fedha hizo hutoka kwa mwajiri, hazikatwi kwenye mshahara, naye anaweza kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Kwa hivyo kibarua wa kiwanda cha Thika anayemwomba msimamizi wake nafasi ya mafunzo haombi sadaka.

Na isidhaniwe kwamba karakana ya kando ya barabara ni mahali pa kujifunzia pasipothaminiwa na wataalamu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ndiyo iliyoeneza ulimwenguni dhana ya sekta isiyo rasmi. Wenyewe tuliipa jina lenye uhai zaidi, jua kali, na jina hilo limeingia katika vitabu vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Mradi wa ajira kwa vijana ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2016 uliwaweka vijana chini ya mafundi wa jua kali ili wafunzwe humo humo. Kiswahili kilikuwa na neno la mpango huo tangu jadi, nalo ni uanagenzi. Sikuliona katika karatasi yoyote aliyoniletea jirani yangu.

Umilisi wa nani?

Neno lililonishinda zaidi jioni ile lilihusu mfumo wa sasa wa mafunzo, unaompima mwanafunzi kwa yale anayoweza kuyafanya. Katika mtaala wa shule ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, dhana hiyo imepewa jina la umilisi. Neno zuri. Lakini sisi tuliosoma isimu tulilipokea kwanza kupitia nadharia ya Chomsky, ambamo umilisi ni maarifa ya lugha yaliyomo akilini, nayo matumizi yake huitwa utendaji. Katika karakana mambo yamegeuka: umilisi unaotahiniwa ni ule unaoonekana mkononi. Yaani kile wakufunzi wa ufundi wanachokiita umilisi kinakaribia sana kile mwanaisimu angekiita utendaji. Nilipomwambia jirani yangu kwamba watahini wanataka umilisi, aliniuliza kama hicho ni kitabu cha kununuliwa. Nilipomwambia, “Wanataka uchomelee mbele yao,” alicheka na kusema hilo halina shida.

Sidai tulitupe neno. Nadai kwamba istilahi iliyoundwa kwa ajili ya darasa letu haifiki Landless kwa miguu yake yenyewe. Wenzetu wa Tanzania wana mamlaka, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo jina lake kamili ni la Kiswahili na linalotajika: Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Hata “majaribio ya ufundi” nimeyaazima kwao. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alichapisha Dar es Salaam kamusi ya awali ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili, na mwaka 1990 TUKI ikatoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Msamiati basi upo. Isitoshe, lugha yenyewe iliviona vitu hivi kuwa kimoja zamani: fundi, mkufunzi, mwanafunzi na mafunzo yote yametoka katika mzizi mmoja. Ni mfumo wetu wa elimu uliomtenga fundi na mwanafunzi, hata ikawa fomu ya fundi huandikwa kwa lugha ya mwanafunzi.

Baada ya kuuliza kwa wanaojua, nilirudi kwa jirani yangu na tukakaa katika karakana yake Jumapili mbili. Tuliandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: Gredi ya Tatu ni nini, mtu ajisajili vipi, aje na vifaa gani siku ya majaribio. Nilikuwa nimeandika jiriwa, bisibisi na tindo kwa fahari ya mtu aliyefungua kamusi. Akanisahihisha. Bisibisi aliikubali, tindo aliisikia kwa babu yake, lakini jiriwa hakuwahi kuisikia. Kile chombo kinachobana chuma mezani ni vaisi. Tulibishana kidogo, kisha tukaandika yote mawili, jiriwa kwanza na vaisi baada ya mkwaju.

Amejisajili kwa awamu ijayo. Ukurasa ule umebandikwa kwenye mlango wa karakana, na watu kadhaa wameuomba nakala. Mmoja wao ni mama mshonaji wa jirani, aliyeusoma wote, akaniuliza mbona hauna hata neno moja la cherehani. Maneno ya ushonaji bado sijayakusanya.